Nyumba ya Akina Furaha

Kiwanda cha sabuni kilipokuwa kinapika, mtaa wetu wote wa Bagira ulijua. Harufu ya mawese yanayochemka ilipanda kilimani pamoja na ukungu wa ziwa, nzito na tamu kidogo, kisha nyuma yake ikaja ile nyingine, harufu ya soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iliyokwaruza koo kama moshi wa pilipili. Watu waliotoka Ibanda, katikati ya mji, kututembelea walishika pua. Sisi hatukuisikia tena. Ilikuwa ndani ya blanketi zetu, ndani ya ugali, ndani ya nywele za mama. Alifanya kazi katika chumba cha kufungia, pamoja na wanawake wengine waliokaa mbele ya meza ndefu wakivika kila kipande cha sabuni karatasi ya kijani, na vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka kufua muda huo huo. Shuleni walituita batoto ya sabuni. Asubuhi, tulipopangwa mistari kumwimbia Rais na Chama na kupiga makofi kwa mwendo mmoja, mwalimu alipenda kutuweka mbele kwa sababu kola zetu zilikuwa safi.

Baba alikuwa amekwenda Shabunda kutafuta dhahabu. Mwanzoni alituma salamu kupitia kwa watu waliopanda kutoka msituni, halafu salamu zikawa haba, halafu tukazoea. Tulibaki mama, mimi na mdogo wangu, katika chumba kimoja tulichopanga nyuma ya nyumba ya watu, mahali ambapo mvua ya Novemba ilishuka na udongo mwekundu mpaka mlangoni. Rafiki yangu Furaha aliishi chini, karibu na ukuta wa kiwanda, katika nyumba za matofali ambazo Mzungu wa zamani, mwenye kiwanda, aliwajengea wafanyakazi wake wa siku nyingi. Baba yake alikuwa mpishi wa sabuni, akisimama juu ya jukwaa na kukoroga sufuria kubwa kama chumba, na mama yake alikaa meza moja na mama yangu. Walikuwa na vyumba viwili na sebule, bomba la maji uani, na nyuma ya nyumba shamba dogo ambalo Mama Furaha alipanda maharagwe kila Septemba. Nililala huko mara nyingi. Nilipolala kwetu, kabla ya kufumba macho, nilisali jinsi tulivyofundishwa parokiani, kisha nikaongeza ombi langu mwenyewe: Bwana, utupe nyumba kama ya akina Furaha. Sikumwambia mtu. Lilikuwa ombi la mtoto, na sikuona ubaya wowote ndani yake.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kimebadili mwenyewe. Mzungu alikuwa ameondoka, maana serikali ilitaka mali ya nchi irudi kwa wenye nchi, na kiwanda kikapewa mwananchi mwenzetu mmoja mwenye marafiki Kinshasa, ambaye wote walimwita Patron, yaani bosi. Siku alipofika watu walicheza. Mama alivaa kitenge kipya, akarudi jioni sauti imekauka kwa nyimbo. Lakini huyu Patron mpya hakuijua sabuni, na hakutaka kuijua. Chini ya Mzungu, kila mfanyakazi alipata kikombe cha maziwa kabla ya kazi, maziwa ya ng'ombe wa Kabare yaliyoletwa kwa debe, kwa kuwa yaliaminika kusafisha kifua kutokana na moshi wa soda. Patron mpya aliyakata. Glavu za mpira za wapishi zilipopasuka, aliwaambia wazishone. Wapishi wakazishona kweli, kwa uzi wa kushonea viatu, na soda ikapenya kwenye matundu ya sindano. Mama alianza kukohoa. Kila mtu alikuwa anakohoa, na wanawake walilifanyia mzaha wakisema sasa meza yao ina kwaya.

Ajali ilitokea baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Tulikuwa tunatoka shule, mimi na Furaha, tukaona watu wanakimbia kutoka lango la kiwanda wakisukuma pusupusu, ule mkokoteni wa kubebea magunia. Juu yake alilala mtu aliyefunikwa gunia lenye maji. Furaha aliangalia miguu iliyotokeza, akatupa daftari zake chini. Sufuria ilikuwa imefurika na soda ya moto ikamrukia baba yake usoni na mkononi. Gari la Patron lilikuwa limesimama uani, jeusi, limeoshwa asubuhi hiyo, na dereva alikuwa ndani yake. Watu walimwomba. Alisema hana ruhusa. Basi wakamsukuma Papa Furaha kwenye mkokoteni, kwenye barabara yote ile ya mashimo, mpaka hospitali, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alilia kwa sauti ambayo sikujua mwanaume mzima anayo.

Jioni ya kesho yake wanawake wa meza ndefu walikusanyika sebuleni kwa Mama Furaha. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka pembeni, maana homa ilinishika tangu mchana na mama hakuwa na wa kuniachia. Nawakumbuka kwa vipande, kwa jinsi homa inavyokata mambo: vitenge, migongo, harufu ya sabuni, na sauti ya Mama Furaha ambayo haikupanda hata mara moja.

"Kesho hatufungi sabuni," alisema. "Tutaingia, tutakaa chini mu cour, pale uani, hatutatoka mupaka Patron akubali kumutunza bwana yangu, na alete glavu, na maziwa irudi. Bapishi nabo bamekubali, hawatawasha moto."

Mmoja akauliza itakuwaje Patron akileta askari.

"Alete. Tutakuwa bengi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wakakubaliana. Walipokuwa wanaondoka, Mama Furaha akainama, akaweka mkono wake juu ya paji la uso wangu. Ulikuwa wa baridi na mkavu. Akamgeukia mama.

"Mama Nsimire, huyu mutoto anawaka. Kesho ubaki naye. Sisi tutasema na kwa ajili yako."

Mama alikataa, akasema angenibeba mgongoni. Mama Furaha akamjibu kwamba mtu habebi mgonjwa kwenda kukaa juani, na mambo yakaishia hapo. Nimeyapima maneno hayo maisha yangu yote. Homa ilikuwa ya kweli. Siku iliyofuata nilitapika mpaka nikaona nyongo. Na aliyemwambia mama abaki alikuwa yeye mwenyewe, mwenye msiba. Kila mara nikiyaweka mezani hivyo, nadhani yatatosha. Hayatoshi.

Yaliyotokea kiwandani nilisimuliwa. Wanawake walikaa chini uani, wapishi wakaacha moto ufe, na sabuni iliyokuwa sufuriani ikaganda nusu, ikaharibika. Walikaa wakiimba nyimbo za kanisa. Patron alitoka ofisini akawaangalia, akarudi ndani. Mchana askari waliteremka kwenye lori. Ndipo akaja na kipaza sauti, akasema kwamba anayekataa kazi ya Patron anaikataa Zaïre, na kwamba kila mtu aliyeonekana uani siku ile hana kazi tena, na walio katika nyumba za kiwanda wazihame kabla ya Jumapili. Wakasukumwa nje kwa vitako vya bunduki. Mama Furaha alipoteza kiatu kimoja langoni, akaenda hospitali kumwona mume wake na mguu mmoja mtupu.

Kapita, msimamizi wa chumba cha kufungia, alikuja kwetu siku iliyofuata. Hakuingia. Alisimama mlangoni, viatu vyake vimejaa udongo, akasema na mama kwa upole kama mtu anayeleta habari njema.

"Wewe hukuonekana mu cour. Patron anauliza kama utarudi. Tunaleta babinti bapya kutoka Mudaka, hawajue hata kukunja karatasi. Tunahitaji mutu wa kubafundisha."

Mama akasema atafikiri.

"Fikiri. Lakini bale bengine pia banafikiri," akasema, akaondoka.

Mama alikaa kitandani karibu nami. Homa ilikuwa imeshuka, nikaomba uji. Hakukuwa na unga. Akanyanyuka, akajifunga kitenge, akanishika mkono, tukashuka kwa akina Furaha. Tulimkuta Mama Furaha anafunga godoro kwa kamba, goti lake juu ya godoro, kamba mdomoni. Furaha alikuwa anapanga sufuria ndani ya karai. Hatukusalimiana kama siku zote.

"Banataka nirudi," mama akasema.

Mama Furaha alitoa kamba mdomoni, akaivuta, akafunga fundo. "Unaniuliza, ao unaniambia?"

Bomba lilikuwa linadondoka uani. Kisha mama akainama, akashika upande wa pili wa godoro, wakalibeba pamoja mpaka barabarani lilipokuwa linangoja lori la kwenda Walungu, kwa wazazi wa Papa Furaha. Yeye mwenyewe angewafuata hospitali ikimruhusu. Furaha alipanda juu ya mizigo. Alinipungia mkono, nami nikampungia, kama watoto wanaokwenda likizo. Jumatatu yake mama alirudi kazini.

Aliwafundisha wale wasichana wa Mudaka. Alikuwa mwalimu mzuri, mvumilivu, na walimpenda, walimwita maman. Kabla ya Noeli, Patron aliona sabuni zinatoka vizuri, akataka mama awe karibu na kazi. Nyumba zilikuwa tupu. Kapita akamletea ufunguo, na nyumba ilikuwa ile ya akina Furaha. Labda hakujua, labda alijua. Mama aliuweka ufunguo juu ya meza na hakuugusa mpaka mvua iliposhuka siku chache baadaye, udongo ukaingia chumbani mpaka kwenye mkeka wa mdogo wangu. Akauchukua. Nilipoingia katika chumba alichokuwa analala Furaha, nikaona msumari aliotundika sare yake bado uko ukutani, na harufu ya sabuni yao, ambayo ilikuwa sabuni ile ile yetu, bado imo. Nikaelewa jambo moja kwa akili ya mtoto, na ingawa nimesoma mengi tangu hapo, sijaweza kuling'oa kabisa: Mungu alinisikia. Ila hakulisikia neno "kama".

Methali husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Si kweli kwetu. Sisi tuliwajua wenye njaa kwa majina yao na majina ya watoto wao. Wanawake waliofukuzwa walianza kuuza ndizi na sambaza, visamaki vya ziwani, kando ya barabara ya kiwanda, na kila asubuhi mama alipita mbele yao. Aliwasalimia mmoja mmoja: Mama Fulani, mumeamkaje. Hawakumwitikia. Wengine waligeuza migongo, mmoja alitema mate, taratibu, mbali kidogo na mguu wake. Kesho yake aliwasalimia tena. Nilimwambia siku moja tupite njia ya juu. Aliniangalia kana kwamba nimetukana. "Njia yangu njo hii," akasema. Shuleni hakuna aliyekaa nafasi ya Furaha, si kwa heshima bali kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Waliniita Kula-na-Patron. Sikupigana nao. Nilikuwa nakula kweli.

Na nyuma ya nyumba yalikuwapo maharagwe. Mama Furaha aliyapanda Septemba, akayapalilia, akaondoka yakiwa yanatoa maua. Sisi tuliyakuta yameanza kubeba. Siku ya kwanza mama alitupeleka mpaka ukingo wa shamba, mimi na mdogo wangu, akatuonyesha kwa kidole. "Haya si yetu. Hata jani." Basi tulinunua maharagwe sokoni, tukayapika tukitazama maharagwe. Mama aliyapalilia Jumapili baada ya misa, akayawekea miti yaliyokuwa yanatambaa, akawafukuza mbuzi wa jirani. Mdogo wangu alipochuma maganda machache mabichi akala, mama hakumpiga. Aliingia chumbani akafunga mlango, na hilo lilimtisha kuliko fimbo. Yalipokauka, Januari, tuliyang'oa, tukayaanika juu ya mkeka, tukayapiga kwa fimbo mpaka yakaruka, mekundu yenye madoa, mazuri kama shanga. Mama aliyapeta mpaka la mwisho. Hata yaliyoangukia kwenye nyasi tuliyaokota. Yalijaza kikapu kimoja kikubwa, na Jumamosi tukapanda lori la Walungu, kikapu katikati ya miguu ya mama.

Tuliteremka sokoni, tukauliza njia, tukapanda kilima katikati ya migomba. Papa Furaha alikuwa amekaa mbele ya nyumba kwenye kiti cha chini. Jicho moja lilikuwa limezibwa na ngozi iliyoungua, la pili halikuona vizuri, na mkono wa kuume ulilala mapajani umekunjika kama ukucha wa ndege. Aliitambua sauti ya mama kabla hatujafika, akamwita jina, akacheka, akaita ndani: "Njoo uone nani amefika!" Alifurahi. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko yote.

Mama Furaha alitoka akipangusa mikono. Alikonda. Akamwangalia mama, akaangalia kikapu kilichokuwa kichwani mwake bado.

"Ni maharagwe yako," mama akasema.

"Najua. Nimeyapanda mimi. Unaniletea kintu yangu sawa zawadi?"

"Si zawadi."

"Njo uweke chini."

Mama akaweka chini. Mama Furaha akatia mkono ndani ya kikapu, akaacha mbegu zipite kati ya vidole, mara moja, mara mbili, akizitazama kama mtu anayemtafuta ndugu katika umati. Nilidhani angetufukuza. Badala yake alichota bakuli, akalipeleka jikoni, akayapika. Maharagwe makavu huchukua muda mrefu kuiva. Tulikaa kuyangoja mchana wote, na Papa Furaha akauliza habari za kila mtu kiwandani, nani anakoroga sasa, je moto wanauwashaje. Mama alimjibu kila swali kwa sauti ndogo.

Furaha alinipeleka nyuma ya nyumba. Hakuwa anasoma tena. Shule ilikuwa mbali na baba yake alihitaji mtu wa kumshika mkono. Alikuwa anachimba ardhi kwa kidole cha mguu.

"Unalalaka wapi?" akaniuliza.

"Mule mule."

"Karibu ya dirisha?"

"Ee."

Akafikiri. "Mvua ikinyesha maji inaingiaka pale. Uweke kitambaa."

Nilisema asante. Ningependelea anipige.

Tulikula kutoka sahani moja, sote, kama desturi. Maharagwe yalikuwa matamu. Tulipoaga, Mama Furaha alikuwa amemwaga mengine kwenye gunia lake, akakiosha kikapu kwa maji, akakipangusa, akampa mama. Kitupu. Kwetu Bushi kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Hata maskini hutia kiazi kimoja, hutia majani, chochote. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Ndani ya lori alikipakata mapajani njia yote, akitazama ndani yake, na mvua ilipoanza hakukitumia kujifunika kichwa.

Aliendelea na kazi mpaka kiwanda kilipokufa. Hakikuchukua miaka mingi. Mawese yalikosekana, sufuria zikatoboka, Patron akarudi Kinshasa, na asubuhi moja wasichana wa Mudaka walikuta lango limefungwa kwa mnyororo. Hakuna aliyekaa chini uani. Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akaanza kuuza sambaza katika mstari ule ule wa wanawake. Walimsogezea nafasi. Kwa karo iliyotokana na sabuni na sambaza nilimaliza shule, nikawa mwalimu, na mpaka leo watu husema mama yangu alijitoa mhanga kwa ajili yetu. Ni kweli. Sijui tu kama aliyetolewa alikuwa yeye peke yake.

Mwanangu wa kwanza ana diploma na hana kazi. Nilipomsimulia mambo haya alisikiliza kwa adabu, kisha akacheka kidogo. "Maman, benyewe balikuwa hata na kazi ya kufukuzwa." Sikumlaumu. Mji wake hauna king'ora cha kiwanda. Vijana wa rika lake hupakia mizigo siku wanayoitwa, na wasipoitwa tena hakuna hata anayewaambia kwamba wamefukuzwa. Hana meza ndefu ya kukaa na wenzake, wala uani pa kukaa chini pamoja. Mimi katika umri mdogo nilijua kitu ambacho yeye hajapata nafasi ya kukijua: kwamba watu wanaweza kusimamisha moto kwa ajili ya mtu mmoja aliyeungua. Na nilijua pia yanayomngoja anayebaki nyumbani siku hiyo.

Mwaka jana Mama Furaha alifariki, nikaenda Walungu kwenye matanga. Mama yangu hakuwepo tena wa kunisindikiza. Furaha alikuwa amekaa chini kati ya wanawake, mnene sasa, mvi zimetokeza chini ya kilemba. Alinyanyuka, akanikumbatia, akanivuta nikae karibu naye. Wajukuu wa marehemu walikuja kunisalimia, hawanijui, wakamwuliza Furaha huyu ni nani.

"Huyu ni Nsimire," Furaha akawaambia. "Tulikaa nyumba moja."

Wanawake wakaitikia kwa furaha, wakanisogelea, wakaanza kuniita dada yake Furaha, wakanipa pole kama mtoto wa nyumba. Nilimtazama Furaha nione kama kuna kitu machoni mwake. Alikuwa anamnyooshea mtu sahani. Wakaniuliza utoto wetu ulikuwaje, tukilala chumba kimoja. Nikawaambia kwamba karibu na dirisha mvua ilikuwa inaingia.